Seva Mbili, Waya Mmoja

Zamani katika miji ya pwani, baharia akichelewa kurudi, mkewe hakuolewa na mwingine wiki ile ile. Huenda jahazi limekwama bandari ya mbali likingoja upepo. Shauri lilipelekwa kwa kadhi, na ni yeye aliyeamua lini mtu ahesabiwe amekufa. Nimekua nikiyasikia hayo. Na bado nilipojenga mfumo wa simu wa ofisi moja jijini Dar es Salaam, nilimsahau kadhi.

Nilifunga seva mbili za Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, kila moja na hifadhidata yake ya MySQL: namba za ndani, nywila za simu, foleni za wateja, ujumbe wa sauti, kumbukumbu za kila simu iliyopigwa. Moja niliiweka chini na ya pili ghorofa ya tatu, moto au maji yakiipata hii, ile ibaki. Kila moja ilikuwa na laini yake ya nje. Diski zao niliziunganisha kwa DRBD, programu inayonakili kupitia mtandao kila kinachoandikwa, nami nikachagua namna yake kali kuliko zote: andiko halihesabiwi mpaka diski zote mbili zimelipokea. Seva moja ikipotea, iliyobaki huendelea peke yake. Ndiyo faida ya kuwa na mbili, nilijiambia.

Seva ya juu iliijulia hali ya chini kila sekunde. Ikikosa jibu kwa sekunde kumi, ishike kazi: itwae anwani ambayo simu zote ziliijua, ianze kupokea. Salamu hizo, pamoja na nakala za diski, zilipita kwenye waya mmoja na swichi moja ndogo ghorofa ya kwanza.

Fundi wa kiyoyozi akaichomoa ile swichi apate pa kuchomeka drili yake.

Laiti simu zingekufa zote! Tungejua papo hapo. Lakini simu za juu zilihamia seva ya juu, za chini zikabaki na ya chini, na kila upande uliona mambo shwari. Kwa saa tatu seva mbili ziliandika daftari moja, kila moja ikiamini mwenzake ni marehemu. Mteja wa juu na mteja wa chini walipewa namba ile ile ya kumbukumbu.

Swichi iliporudishiwa umeme, DRBD iligundua kwamba pande zote mbili zimeandika, ikakataa kuziunganisha. Ilifanya sawa. Iliniachia mimi nichague maandishi ya nani yatupwe. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaandika amri, ya juu ikafutiwa yake na kujazwa ya chini, na ujumbe wa wateja wa saa tatu ukaenda na maji. Kunakili diski ile pembeni kabla ya kuigusa kungenichukua nusu saa.

Wakubwa nao yamewafika. Oktoba 21, 2018, mawasiliano ya kituo kikuu cha data cha GitHub, ghala la mtandaoni la kazi za waandika programu, kilichoko mashariki mwa Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Programu yao ikakabidhi uongozi wa hifadhidata kwa seva za pwani ya magharibi, ilhali mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajavuka. Kurudisha mambo sawa kuliwachukua saa 24 na dakika 11. Ila wao walikubali kwenda polepole ili data ya watu isipotee, jambo ambalo mimi, na meneja wangu mgongoni, sikulifanya.

Sasa kuna nyaya mbili, zinapita njia tofauti. Seva inayotaka kushika kazi hukata kwanza umeme wa mwenzake kupitia soketi inayoongozwa kwa mtandao, ili aliyedhaniwa amekufa asifufuke na kalamu mkononi. Na stoo kuna kompyuta ndogo ya tatu, isiyo na data ya mteja yeyote, kazi yake kupiga kura tu: asiyepata kura ya pili haandiki. Nimeibandika karatasi yenye neno moja, KADHI.

Kila mwisho wa mwezi, saa ya chakula, nachomoa nyaya kwa mkono wangu. Dada wa mapokezi ameshazoea, akiniona na ngazi huuliza, "Leo anakufa nani?"