Kusoma Utabibu Ukubwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baada ya hayo:

Na upigwe mfano wa mtu mwenye miaka 40, ana duka la nguo, ana mke na watoto. Babake alishikwa na maradhi ya sukari, akatoka kidonda cha mguu. Kwa miezi mingi mtu huyu akakisafisha kidonda na kukifunga, kama alivyoonyeshwa na muuguzi. Mzee alipofariki, ikamwingia moyoni azma ya kurudi chuoni asomee uuguzi, miaka mitatu au zaidi, pamoja na vijana walio rika la wanawe. Khabari ilipofika barazani, watu wakacheka. Mmoja akasema: "Mvi zimemtoka, sasa aenda kuanza alifu kwa ujiti!" Mtu yule akarudi kwake kimya, na ile karatasi ya kuombea nafasi akaitia sandukuni.

Je, mwenye makosa hapa ni nani: ni yule aliyetaka kusoma, au ni wale waliocheka?

Imam al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika kitabu chake cha Ihya ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya. Maana yake, wakisimama nao watu wa kutosha, wengine wote huwa wameokoka. Na asipopatikana wa kusimama nao, dhambi huwashika wote walioweza wakaacha. Naye akalalamika kwamba iko miji isiyokuwa na tabibu Muislamu hata mmoja, ilhali watu wasongamana katika fikihi na mijadala ambayo wenye kuisimamia wamekwisha kutosha. Basi waliokuwa barazani walimcheka mtu aliyetaka kuwalipia deni lililo shingoni mwao wenyewe.

Ama kuona haya kwa sababu ya umri, hayo si katika mwendo wa wema waliotangulia. Sayyidna Umar aliwahimiza watu wapate ujuzi kabla hawajawa wakubwa wa watu. Imam al-Bukhari alipoitaja khabari hiyo katika Sahihi yake, akaongeza kuwa hata baada ya ukubwa elimu yatafutwa, kwani Masahaba wa Mtume walisoma na umri umekwisha kuwaendea. Na al-Qaffal al-Marwazi alikuwa fundi wa makufuli. Hakuanza kusoma fikihi ila alipokuwa na miaka 30. Alipofariki mwaka 417 wa Hijra alikuwa ni imamu wa Mashafii wa Khurasan. Lau angaliwasikiliza wenye kucheka, angalikufa fundi wa makufuli, na mlango mkubwa wa elimu ungalibaki umefungwa.

Wala asiseme mtu kuwa utabibu ni elimu ya dunia isiyompasa mtu wa dini. Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 687 wa Hijra, alikuwa mwanafikihi wa Kishafii na tabibu pamoja. Yeye ndiye aliyeeleza jinsi damu ipitavyo katika mapafu kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, karne nyingi kabla ya matabibu wa Ulaya kuyaandika hayo. Na alipokufa, nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Cairo.

Lakini azma njema ina masharti yake. La kwanza, masurufu ya mke na watoto ni wajibu; haimpasi mtu kufunga duka leo akaenda chuoni kesho, na nyumbani hakuna unga. Na amshauri mkewe, amtafute ndugu au mshirika mwaminifu wa kulisimamia duka, na aweke akiba kabla ya kutoka. La pili, asijitie kutibu watu kabla ya kuhitimu. Imepokewa kwa Mtume kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kuwa na ujuzi wake, basi madhara yatakayotokea ni dhamana juu yake. Kujua kufunga kidonda cha baba si kujua kumpiga mtu sindano. La tatu, atengeneze nia yake. Mshahara ni halali, lakini mgonjwa maskini asiwe mwepesi machoni pake kuliko tajiri.

Na liko jambo jingine liwapasalo wanaume kulitazama kwa insafu. Yuko mtu asiyeridhika mkewe atazamwe na mwanamume wakati wa uchungu wa kuzaa, na wivu wake huo si wa kulaumiwa. Lakini mtu huyo huyo humkataza binti yake kusomea ukunga, na mkewe aliyekwisha lea watoto wakakua, akitaka kurudi chuoni, humwambia wakati wake umepita. Basi atazamia nani aje usiku huo? Mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, alipelekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi, na Mtume mwenyewe ndiye aliyeamrisha hivyo.

Kwa hivyo, lililowapasa watu wa baraza si kucheka. Liliwapasa waulizane: nani atalitazama duka lake saa za masomo? Nani atachanga karo? Nani atawaangalia wanawe siku za mtihani? Mwenye kusaidia ana fungu lake katika thawabu, na mwenye kuvunja moyo ana fungu lake katika lawama. Kwani kulla aliyecheka pale ana mwili wa nyama na damu, na hajui ni usiku gani utamwangusha. Siku hiyo atautaka mkono uliosoma, na mkono huo huenda ukawa ndio ule ulioitia karatasi sandukuni kwa sababu ya kicheko chake.

Karatasi ingalimo sandukuni, na mwenye nayo yu hai. Na aitoe.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu elimu yenye manufaa, awape wagonjwa wao shifaa, na awaondolee haya iwazuiayo na kheri. Amin.