Je, Mtoto Huyu Asoma, au Akumbuka?

Mtoto wa darasa la kwanza arudipo siku ya Ijumaa, wengi wetu twampa kitabu asome. Akimaliza ukurasa bila kukwama, twamsifu. Walakini mara nyingi macho yake yako kwenye picha, wala si kwenye herufi.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa Tanzania Bara kwa darasa la kwanza na la pili umekaza mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto hujifunza sauti za herufi, huziunga ziwe silabi, na silabi ziwe neno. Ajuaye “ka” na “ta” husoma “kata”. Basi funika picha, ugeuze silabi, umwandikie “taka”. Asomaye atasema taka. Aliyekariri huenda akasema kata tena, kwa sauti ileile nzuri.

Je, huyu wa pili ametudanganya? Mimi naona sivyo. Yeye alitoa kile alichoona chawapendeza wakubwa. Sisi tuliompigia makofi ndio tuliopenda kudanganyika, maana kumsikiliza polepole kwataka muda, na mchele bado haujachaguliwa! Mwalimu naye, mwenye darasa lililojaa, hawezi kumngoja kila mmoja. Juma lijalo zaja herufi nyingine, na aliyekosa “ta” atazipokea juu ya pengo lile, akizidi kutegemea kumbukumbu.

Jioni moja nilimwandikia mjukuu wangu neno “taka” mchangani. Kabla ya kujibu alinitazama usoni, hakutazama chini.