Safari ya Meli: Tubebe Nini Mkononi?

Masomo: Matendo ya Mitume 27, 2 Timotheo 4:9-22



Majuma mawili yaliyopita, baada ya ibada ya pili, vijana wa kwaya walitusimamisha chini ya mwembe wakiwa na swali. Wamealikwa kwenda kuimba Bukoba. Watatoka hapa Musoma kwa basi, wapite Bunda na Magu hadi Mwanza, na usiku wapande meli, walale majini, wafike Bukoba asubuhi. Karibu wote hawajapata kulala ndani ya meli. Wakasema, "Shikamoo Mwalimu. Mabegi makubwa tumeambiwa yatawekwa chini pamoja na vyombo vya muziki. Sasa huku juu, mkononi, tubebe nini?"

Tuliwajibu haraka haraka kwamba wabebe maji na sweta, maana jua lilikuwa kali nasi tulitaka kuwahi nyumbani. Lakini swali lile lilitufuata njiani, likakaa nasi mezani, na usiku likatuamsha. Jibu lake tunalijua tangu mwaka 1982, na hatukulipata darasani. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu mwezi huu.

Kwanza tumtazame Mtakatifu Paulo, kwa kuwa alikuwa msafiri kweli kweli. Katika barua ya pili kwa Wakorintho (11:25) anataja kwamba alikwisha kuvunjikiwa na chombo mara tatu, na mara nyingine alikaa majini siku nzima na usiku wake. Barua hiyo aliiandika kabla ya kupelekwa Rumi akiwa mfungwa, kwa hiyo tukiongeza ile ajali ya Matendo 27 ni mara nne. Mtu aliyepoteza mizigo yake baharini mara nne anajua kuchagua kitu cha kushika mkononi.

Isomeni sura ile ya 27 nyumbani, polepole, kama mnasikiliza habari ya jirani. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikitia kitabu kizima cha Matendo ya Mitume katika utenzi, na kwa kweli safari ile inafaa utenzi. Ndani ya chombo walikuwamo watu 276. Dhoruba ilipozidi walianza kutupa shehena, na siku ya tatu wakatupa vyombo vya meli kwa mikono yao wenyewe. Baada ya siku kumi na nne bila chakula cha maana, Paulo alitwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akaumega, akala, nao wakapata moyo. Kisha wakatupa ngano. Meli ile ilikuwa ya Iskanderia, inakwenda Italia, na ngano ndiyo biashara iliyoiondoa bandarini. Wakafika pwani wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao, na hakupotea hata mmoja. Mzigo wa kwanza tunaosoma kwamba Paulo aliushika katika kisiwa cha Melita ni mzigo wa kuni.

Sasa fungueni 2 Timotheo sura ya 4. Mzee yuko kifungoni, anajua siku zake ni chache, na anamwomba Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi. Anataka aletewe joho aliloliacha Troa kwa mtu aitwaye Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Haombi fedha. Anaomba nguo ya kumkinga baridi, na maandiko. (Huyo Karpo hatajwi mahali pengine popote katika Biblia. Jina lake limefika kwetu kwa sababu alitunza nguo ya mwenzake.)

Baada ya hayo, turudi mwaka 1982.

Wazee wenzetu wanaikumbuka mv Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kulizunguka ziwa, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Sisi tulipanda meli nyingine. Tulikuwa vijana wanne wa Mara, tumechaguliwa kwenda chuo cha ualimu Butimba, na kila mmoja alikuwa na sanduku la bati lenye jina lake kwa rangi nyeupe. Mama yetu alikuja kutoka Butiama hadi bandarini akiwa na kikapu kidogo cha ukindu. Ndani yake alitia viazi vya kuchemsha, chumvi iliyofungwa karatasini, vidonge vya klorokwini kutoka zahanati, kanga yake moja ya zamani, na juu kabisa Biblia na Kitabu cha Sala. Alisema, "Hiki usikiachie mkono."

Tulikionea aya. Mwalimu mtarajiwa na kikapu! Mama alipogeuka tu, tulikisukuma ndani ya sanduku, tukafunga kufuli, na sanduku likateremshwa chini kwenye ghala la mizigo pamoja na mengine. Mkononi tukabaki na mfuko wa kutembelea ambamo tulikuwa na kioo, kitana, viatu vipya vilivyofungwa kwa gazeti, na shati jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya siku ya kwanza chuoni.

Usiku, katika sehemu ya daraja la tatu, mtoto wa miaka kama miwili alianza kutapika na kuhara. Mama yake alikuwa msichana mdogo kutoka vijiji vya Bunda, anamfuata mumewe Mwanza. Naye vitu vyake vyote vilikuwa ghalani, na ghala lilikuwa limefungwa mpaka asubuhi. Kufika saa sita za usiku macho ya yule mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Watu walikuwa wanatazama. Sisi pia tulikuwa tunatazama.

Ndipo akaja bibi mmoja aliyekuwa amelala karibu na ngazi. Alikuwa anakwenda kwa binti yake aliyejifungua, na katika kikapu chake alikuwa na sukari nusu kilo ya uji wa mzazi. Vijana wa leo wataona sukari ni kitu gani. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na nusu kilo ilikuwa zawadi ya kumtoa mtu machozi. Bibi alikuwa na chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa, na chumvi alifungua katika pindo la kanga yake. Klinikini alikuwa amefundishwa. Akachanganya, akawa anamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko; akitapika, bibi anangoja kidogo, anaanza tena.

Kisha akatugeukia. "Wajukuu zangu, mnakwenda kusomea ualimu, siyo? Humo mna nini?"

Tulifungua mfuko. Bibi alitazama kioo, kitana na viatu, wala hakutucheka. Alisema kanga zake zote mbili zimekwisha kulowa, akaomba lile shati la kumfunga mtoto.

Tulisita. Ndugu zetu, tumefundisha miaka zaidi ya thelathini, tumesoma masomo kanisani mara nyingi, na hatujapata kuliandika jambo hili mahali popote. Tulisita kwa sababu ya pasi. Tulipokuwa bado tumelishika, mwenzetu mmoja alivua shati lake alilovaa, akampa, akakaa kifua wazi usiku kucha katika upepo wa ziwa. Letu likabaki jeupe.

Yule mama mdogo akasema, "Niombeeni." Macho yakaja kwetu tena, maana tulikuwa wasomi. Biblia iko ghalani, Kitabu cha Sala kiko ghalani, na kichwani hatukuwa na kitu zaidi ya Sala ya Bwana, ambayo tuliisema tukichanganya maneno. Bibi, ambaye hakujua kusoma, akaendelea kwa kichwa na ile sala fupi ya mwisho ya Sala za Jioni, ya kuomba nuru gizani na kulindwa katika hatari za usiku. Aliifahamu tangu darasa la ubatizo. Hakuhitaji taa.

Alfajiri mtoto alilia akitaka kunyonya. Pale Mwanza abiria waliwapisha, wakashuka wa kwanza, wakaelekea hospitali, nasi hatukuwaona tena. Kama yu hai, sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi. Bibi alishuka na karatasi ya sukari iliyobaki kama konzi moja. Tulifungua sanduku letu bandarini na kukuta viazi vya Mama vimechacha.

Watasema wengine kwamba mwenye imani hahitaji mkoba, maana Bwana aliwatuma wale Thenashara bila mkate wala mfuko (Marko 6:8). Ni kweli. Lakini walitumwa kwenye nyumba za watu ambao wangewakaribisha, na baadaye Bwana yuleyule aliwaambia kwamba mwenye mfuko na auchukue (Luka 22:36). Sisi hatuoni ugomvi kati ya maagizo haya mawili. Asiyebeba kitu kwa utii ni tofauti na yule aliyekificha alichopewa kwa sababu ya haya. Bwana mwenyewe, katika chombo cha Galilaya, alilalia mto (Marko 4:38), na tunadhani kuna mtu aliyekumbuka kuuleta.

Tena vijana wasidhani kwamba ziwa letu ni la kuchezea. Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikitoka Bukoba, na mamia ya watu walikufa. Makaburi yao yako Igoma, na wapo waliozikwa pale bila kutambuliwa majina. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko mv Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101, nacho kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili. Wenzetu 228 walifariki. Chombo kikijaa kupita kiasi, na mzigo ukirundikwa juu, watu wakihamia upande mmoja tu kinakosa mizani, hata kama maji yametulia kama ya kwenye sufuria. Kwa hiyo mkiona meli au kivuko kimejaa, shukeni. Nauli iliyopotea si dhambi, na hakuna Askofu atakayewalaumu kwa kuchelewa.

Basi, vijana, jibu letu la pili ni hili. Kitambulisho, na karatasi iliyoandikwa jina lako na simu ya nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, mfukoni mwako mwenyewe na si katika begi. Dawa unayotumia kila siku isishuke ghalani hata kidogo. Hasa ninyi wenye kisukari na shinikizo la damu, na wenye pumu. Maji ya kunywa, tochi, sweta. Chumvi kidogo na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visizidi. Siku hizi zahanati zina pakiti zilizochanganywa tayari, nazo ni bora zaidi, chukueni mbili tatu. Kanga moja hata kwa wanaume, kwa kuwa kanga ni shuka, ni taulo, ni mbeleko, na ni pazia la mwenye haja. Mkishaingia, kabla ya kupiga picha, ulizeni majaketi ya kuokolea maisha yako wapi na yanafungwaje. Mafuta ya taa na petroli msipande navyo kamwe.

Biblia wengi wenu mnayo katika simu, na hatuna neno. Ila chaji huisha, na mbele ya mgonjwa usiku huwezi kuanza kutafuta soketi. Jifunzeni kwa moyo walau sala moja ya jioni na zaburi moja. Mnazo siku za kutosha, na mazoezi ya kwaya ni kila Jumanne na Ijumaa. Mwalimu wa kwaya amekubali kuwapa robo saa. Tutakuja kuwasikiliza sisi wenyewe, na tunaonya kwamba bado tunasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Jambo moja tumeliongeza baada ya kushauriana na Baba Kasisi. Kwaya ibebe kikapu kimoja cha pamoja, kitakachokaa juu na watu wala kisishushwe ghalani, kwa ajili ya abiria yeyote atakayepungukiwa usiku, awe wa kwaya au asiwe. Mwenye kikapu hicho atachaguliwa na atajulikana kwa jina, kama Karpo. Atakayependa kuchangia alete vitu vyake kwa katibu wa kwaya baada ya ibada ya kwanza Jumapili ijayo: sukari, chumvi, chupa ya chai, kanga hata iliyopauka. Shati jeupe tumekwisha kulipeleka.