Kipimo Kimoja kwa Dada na kwa Benki



Sisi wa Singida twaujua uchungu wa kipimo cha hila. Mkulima wa vitunguu akifikisha mzigo wake sokoni huambiwa kwamba gunia ni gunia, kumbe limeongezewa kilemba juu, nayo ndiyo lumbesa. Sheria imeikataza, na bado twaiona. Hapo sote hupaza sauti. Lakini je, futi kamba ikiwa mkononi mwetu wenyewe, nasi tukipima nyumba, tu wanyofu?

Na tutafakari jambo tulilolishuhudia. Mzee mmoja alifariki akawaachia watoto wake watatu nyumba ya kupangisha, ya namna tunayoijua sote: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, uani jiko na choo. Kaka mkubwa alitaka kununua mafungu ya dada zake wawili. Akapima kila chumba kwa ndani, akajumlisha, akazidisha kwa bei ya mita ya mraba aliyopewa na fundi. Akapata mita 63. Mwezi ule ule alikwenda kuomba mkopo kwa rehani ya nyumba ile ile, na huko akaandika mita 90. Dada zake walipopata habari, wazee tukaitwa.

Kaka hakutahayari. Alisema, "Wazee wangu, sikudanganya popote. Shikeni futi mpime."

Tukapima. Kila chumba kilikuwa mita 3 kwa 3.5, sita ni mita 63 kamili. Kisha tukazunguka nje, kutoka pembe hata pembe: mita 11.1 kwa 8.1, yaani karibu 90. Mita 27 zilizobaki zilikuwa wapi? Korido ilichukua 16, na kuta karibu 11. Tofauti hiyo yapita vyumba viwili na nusu. Na hesabu zote mbili zilikuwa za kweli.

Basi hapa ndipo penye swali. Yawezekanaje mtu aseme kweli mara mbili, na hata hivyo awe amedhulumu?

Twaona jibu ni hili. Kipimo si namba tu. Ni mapatano kuhusu kitu kinachohesabiwa. Anayetaka kujua gharama ya kuijenga nyumba hupima nje, kwa maana kuta nazo zimekula matofali na saruji. Anayetaka kujua nafasi ya kulala hupima ndani. Kila njia ina haki yake mahali pake. Lakini bei ya fundi ilikuwa ya mita zilizopimwa nje. Kuichukua bei hiyo na kuizidisha kwa mita za ndani ni kuwafuta dada hao kuta na korido aliyoijenga baba yao. Tena, aliyechagua kipimo kidogo alipokuwa akilipa, na kikubwa alipokuwa akiomba, alikuwa na mawe mawili katika mfuko mmoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, lalikataza jambo hilo waziwazi. Wala halisemi kwamba jiwe mojawapo ni bovu. Lakataza kuwa nayo mawili.

Wala tusidhani haya ni ya jamaa moja tu. Mwaka 1971 Serikali ilipotunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangishwa, mpaka ulikuwa thamani ya shilingi 100,000. Mwenye nyumba aliyekaribia mpaka huo alikuwa na kila sababu ya kutamani ionekane ndogo. Siku hizi, reli mpya ikipita Manyoni na bomba la mafuta likikatiza mkoa wetu, anayengoja fidia hutamani ionekane kubwa. Tena kosa la kipimo huzaa. Kwa kanuni za mwaka 2001 posho ya makazi huhesabiwa kwa kodi ya mwezi mara 36. Basi ukikosea mwezi mmoja, umekosea miaka mitatu. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2016 yataka mthamini awe amesajiliwa. Lakini usajili hauwezi kumshikia mtu dhamiri.

Na wapangaji je? Siku ile walikuwa wamesimama uani wakitutazama. Mmoja wao, mama mwenye watoto wanne, alituuliza, "Na sisi mnatupima?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mita 10 na nusu zake zilikuwa kwenye karatasi, bali watu watano waliolala humo hawakuwamo. Futi kamba haiwezi kuandika hayo. Mwenye nyumba aweza kuyakumbuka siku anapopanga kodi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kabla ya kukubali namba yoyote, ulizeni: imepimwa kutoka wapi hata wapi? Baraza imo? Uani umo? Iandikwe. Mtu mmoja ashike mwanzo wa futi na mwenziwe ashike mwisho, tena yule atakayepungukiwa awe mmoja wao.

Kaka yule alikaa kimya kwa muda mrefu juu ya ngazi ya baraza. Mwishowe aliomba kalamu, akaifuta 63, akaandika 90. Dada yake mdogo alimletea maji ya kunywa. Mafungu yakalipwa kwa awamu mbili, na hata leo hukutana katika nyumba hiyo wakati wa Krismasi.

Ndugu, kipimo tupimacho ndicho tutakachopimiwa. Mungu atujalie kuwa na kimoja tu.