Ushindi wa Mkono au wa Raba?

Mchezaji wa mpira wa meza aliyekwisha kuhitimu mafunzo ya awali, ambaye mkono wake wajua pa kwenda hata kabla jicho halijaufuata mpira, hufika siku moja mbele ya swali ambalo mwanafunzi haulizwi, nalo ni hili: raba ipi ataibandika juu ya ubao wake, na akiisha kushinda kwa raba hiyo, ushindi utahesabiwa kuwa wa nani? Nusu ya kwanza ya swali hujibiwa dukani. Nusu ya pili ni ya wanafalsafa na wanazuoni wa dini, na sisi wakazi wa Dilala tuna haki ya kuizungumza, maana hoja iliyo ndani yake ilipata kujadiliwa kwa bidii kubwa katika mji wetu huu wa Kolwezi.

Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 1945 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akadai ya kwamba kwa Mbantu kuwapo na kuwa na nguvu ni jambo moja, na kwamba nguvu hiyo yaweza kuzidishwa au kupunguzwa na watu wengine, na hata na vitu. Miaka michache baadaye alihudumu miongoni mwa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière hapa Kolwezi, na hapo ndipo, mnamo mwaka 1953, ilipozaliwa harakati ya Kikatoliki ya Jamaa, ambamo mume na mke walikaa pamoja kutafakari uzima, uzazi na mapendo. Mshairi Aimé Césaire wa Martinique alimshutumu Tempels vikali, akiona kwamba kuisifu falsafa ya watu ambao mishahara na makazi yao yamesahauliwa ni kuwanyima haki kwa maneno matamu. Na shutuma hiyo naiona ya kweli. Lakini swali lenyewe, la kitu kinachoongeza nguvu ya mtu, halikuondoka pamoja na Tempels alipoiacha Kongo mwaka 1962.

Raba mbili zinazotajwa sana miongoni mwa mabingwa zatosha kulidhihirisha. Hurricane 3, itengenezwayo Uchina na DHS, ina uso unaonata hata ukiigusisha juu ya mpira yaweza kuunyanyua kutoka mezani, na sponji yake ni ngumu, haina ukarimu: asiyeizungusha kwa mguu, kiuno na bega, mpira wake huondoka umekufa. Tenergy, iliyotolewa na Butterfly ya Japani mwaka 2008, ni kinyume chake. Sponji yake hubonyea na kurudi upesi, na mkono uliochelewa kidogo hupata kasi ambayo wenyewe haukuitoa. Wala haikuwa sadfa kwamba raba za namna hiyo zilishamiri mwaka huo, kwa kuwa ndio mwaka ambao Shirikisho la Kimataifa la mpira wa meza lilipiga marufuku gundi zenye mvuke wa sumu, ambazo wachezaji walikuwa wakizipaka kabla ya mechi ili sponji ivimbe na iruke. Viwanda vikajitahidi kuuweka mruko ule ndani ya sponji yenyewe.

Mtazame mchezaji anapoibandika raba mpya. Hupaka gundi ya maji juu ya ubao na juu ya sponji, akaiacha ikauke hata weupe wake ugeuke uwazi, ndipo akailaza raba taratibu kutoka mpinini kwenda ncha ili hewa isibaki chini yake, kisha akaikata kwa wembe kwa kuufuata ukingo wa ubao. Amelipa zaidi ya dola 50 kwa upande mmoja tu, fedha ambazo katika nyumba nyingi za Dilala zina kazi nyingine inayozingojea. Tena anapaswa kukumbuka kwamba Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unaozunguka haujipindi kama unavyojipinda Mombasa. Kwamba vumbi la kiangazi hulala juu ya uso unaonata na kuuzima mnato wake. Na kwamba unyevu wa masika huufanya uso huohuo uteleze. Sifa zilizoandikwa juu ya pakiti hazikuandikwa kwa hesabu ya vumbi letu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalizingatii. Raba ya mwanafunzi ni ya taratibu, haiuhisi sana mzunguko wa mpira unaokuja, kwa hiyo humsitiri: akikosea pembe ya mkono, mpira huvuka wavu vivyo hivyo. Raba ya bingwa haisitiri. Uwezo uleule unaoufanya mpira wake uzunguke kwa ukali ndio unaouruhusu mzunguko wa mpinzani kuingia na kumuumbua, na mtu hawezi kununua nusu ya kwanza akaiacha ya pili dukani. Anayezidishiwa nguvu huzidishiwa pia hesabu atakayoulizwa. Kwa hiyo mchezaji anayeuliza ni raba gani yenye kasi kuliko zote ameuliza swali dogo. La haki ni kujiuliza ni makosa yake yapi yu tayari kuyaona yakifichuliwa, na yapi hana bado ustahimilivu wa kuyarekebisha.

Wanazuoni wa elimu ya tauhidi, wafuasi wa Imamu Ash'ari wa Basra, walipokabiliwa na shida iliyo kubwa kuliko hii yetu, yaani tendo la mja ni la nani ikiwa uwezo wote ni wa Mola, walijibu kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma. Jibu hilo halikumridhisha kila mtu, lakini naona lina busara ambayo Tempels hakuifikia: kupokea nguvu kutoka nje hakumwondolei mtu dhima, wala hakumnyang'anyi sifa, maadamu amekusudia na yu tayari kuulizwa.

Tuipime busara hiyo kwa historia ya mchezo wenyewe: mwaka 1952 huko Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia kwa kibao chenye sponji nene, ambayo haikutoa ule mlio ambao wapinzani wake walizoea kuusikia na kuutegemea. Wengi walinung'unika kwamba sponji ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1959 Shirikisho likaweka mpaka, raba na sponji pamoja na gundi zisizidi milimita 4 kwa unene. Baadaye likatokea shauri la wale waliobandika raba mbili za tabia mbalimbali zenye rangi moja, wakawa wanakigeuza kibao mkononi ili mpinzani asijue ni upande upi uliopiga. Na tangu mwaka 1986 hadi mwaka 2021 sheria ililazimisha upande mmoja uwe mwekundu na wa pili mweusi. Haikuwakataza kuwa na raba mbili. Deng Yaping, mwanamke mfupi mno aliyetumia raba ya vinundu virefu upande wa nyuma ya mkono, alitwaa dhahabu 4 za Olimpiki mbele ya wapinzani waliojua kila mara upande upi umegusa mpira, na sijamsikia mwenye insafu akidai kwamba dhahabu hizo ni za vinundu.

Ndiyo maana namhukumia Satoh ushindi wake. Sponji yake ilionekana na watu wote, na hakuna kanuni ya siku zile iliyoikataza. Alichuma kwa halali. Lakini yule ambaye leo huipaka raba yake mafuta ya kuivimbisha sponji, usiku, chumbani mwake, akijua kwamba kanuni yakataza na kwamba mwamuzi hawezi kuyaona kwa macho, huyo hajachuma kitu, hata akiwa na mkono bora kuliko wote waliosimama mezani siku ile.