Hesabu ya Mwalimu wa Biashara

Neno la kutafakari: Luka 16:1–13



Bwana wetu Yesu alisimulia habari za wakili wa tajiri, aliyeambiwa kwamba kazi yake imekwisha, naye alete hesabu. Mtu yule aliiogopa siku ya baada ya kazi: ni nani atakayemkaribisha nyumbani? Swali hilo humfikia kila mtu anayestaafu.

Pwani yetu leo ina wazee waliokwisha kustaafu, na miongoni mwa wazee wa nchi hii wamo waliofundisha elimu ya biashara. Kwa maana Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na Chuo Kikuu kikapata kitivo cha biashara mwaka 1979. Mwalimu wa namna hiyo amewafundisha vijana miaka mingi kuandika faida na hasara, deni na amana. Sasa ameiweka chaki chini. Je, hesabu yake mwenyewe ikoje?

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu ya kuuliza. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa shule kubwa ya biashara, ijapokuwa haukuwa na ubao wala mtihani. Misafara ilishuka kutoka Ujiji na Tabora, wapagazi wamebeba pembe za ndovu. Tena pamoja na pembe waliletwa watu wa kuuzwa. Baba alitengwa na mwana, mke na mume. Pengine hesabu za wachuuzi wale zililingana sawasawa, lakini mbele za Mungu zilikuwa uongo, kwa kuwa kiumbe kisicho na bei kilitiwa bei. Basi katika pwani hii, mtu afundishaye biashara kwa haki, kisha akarudi jioni kwa mkewe na watoto wake, ni ushuhuda mkubwa. Biashara ya kale ilivunja nyumba. Yeye aonyesha kwamba biashara ni mtumishi wa nyumba, wala si bwana wake.

Katika mji huo huo alifanya biashara Sewa Haji Paroo, Mhindi mzaliwa wa Unguja, aliyewapatia wenye misafara vifaa vyao. Alifariki mwaka 1897. Huyu alitoa jengo la shule hapa Bagamoyo, watoto wapokelewe pasipo kubaguliwa kabila wala dini. Tena akatoa mali kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo chanzo cha Muhimbili. Bidhaa alizouza zimekwisha zamani. Alichowapa wengine kingali chatajwa. Alikuwa Mwislamu. Lakini Bwana aliwafundisha Wayahudi kwa mfano wa Msamaria, nasi tusione haya kujifunza.

Mkumbukeni na Martin Luther, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg. Mwaka 1524 aliandika juu ya biashara, akawakemea wanaodhani ni halali kuuza ghali kadiri wawezavyo. Lakini mwaka 1522, kabla hajaoa, alikuwa ameandika juu ya ndoa, ya kwamba baba akifua nepi za mtoto kwa imani, wajapomcheka watu, Mungu na malaika hufurahi. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto 6. Binti yao Magdalena alipokufa mwaka 1542, akiwa na miaka 13, mwalimu huyo mkuu alipiga magoti kando ya kitanda akalia. Elimu yake haikumfanya kuwa mgeni nyumbani mwake.

Enyi akina baba mlio bado kazini, msiseme, “Nahangaika kwa ajili ya watoto,” hali watoto hawawajui. Karo hutumwa kwa simu, lakini baba hatumwi kwa simu. Nanyi wazee mliostaafu, wakili yule alizitumia siku chache zilizobaki kujipatia rafiki. Ninyi zitumieni kwa kupatana. Yuko mwana aliyekasirika. Mwendeeni kwanza, msingoje aje. Yuko mama aliyelinda nyumba miaka yote. Mshukuruni angali anasikia. Na ujuzi wenu msiuzike: jirani muuza samaki na mama wa genge wahitaji kufundishwa kuandika hesabu.

Lakini yuko mtu atakayefungua kitabu chake na kuona hasara tupu. Ndugu, usikifunge kwa hofu. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hesabu yake yalingana mbele za Mungu. Hati ya deni letu Kristo ameigongomea msalabani, kama tusomavyo katika Wakolosai 2:14. Hatuwapendi watu wa nyumbani ili tulipe deni lile. Twawapenda kwa kuwa limekwisha kulipwa.

Mungu Baba atujalie uwakili mwaminifu, na siku ya kuiacha kazi atukute tungali tunapendana. Amina.