Utabiri wa Ini na Hukumu ya Mtu

Waswahili humwita kipenzi chao nyongo mkalia ini, na neno liumizalo husemwa kuwa limekata maini. Tangu kale ini lina cheo katika lugha: ni makao ya mapenzi na uchungu. Siku hizi limekuwa pia kitabu ambamo tabibu husoma siku zijazo za mlevi. Je, asomaye kitabu hicho amepata haki ya kumhukumu mwenye ini?

Chombo cha kusomea ni cha ajabu, lakini si cha uchawi. Kilibuniwa Ufaransa, kikaanza kutumika mwaka 2003. Huwekwa juu ya ngozi, kati ya mbavu za kulia, kikatikisa mwili kidogo. Kisha, kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, hupima mwendo wa mtikiso ule ndani ya ini. Ini laini huupitisha polepole. Ini lenye makovu huupitisha kwa haraka. Kipimo ni kilopaskali. Ini zima huwa karibu na 5. Chini ya 10 ugonjwa mkubwa hautarajiwi. Juu ya 15 hofu ina sababu. Namba ikipanda, hatari ya maji kujaa tumboni, ya kutapika damu na ya mauti hupanda pamoja nayo.

Lakini namba hiyo ina siri. Ini la mtu anywaye sasa huvimba, likaonekana gumu kupita makovu yake. Akiacha pombe, aghalabu namba huteremka katika majuma machache. Basi chombo si nabii, ni shahidi wa leo. Utabiri wa mvua hauizuii mvua. Utabiri wa ini, ukisikiwa na mwenyewe, huweza kuliokoa ini.

Dhuluma huanza pale utabiri ugeuzwapo hukumu. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilimtaka mlevi akae miezi 6 bila ya pombe kabla ya kufikiriwa kupandikizwa ini jipya. Wako waliokuwa hawana miezi 6 ya kuishi. Mwaka 2011 matabibu wa Ufaransa na Ubelgiji walitangaza habari za wagonjwa 26 waliovimba ini vibaya kwa pombe, wasisaidiwe na dawa, wakachaguliwa kwa uangalifu na kupandikizwa pasipo kungoja. Baada ya miezi 6, 77 katika kila 100 walikuwa hai. Kwa wenzao wasiopandikizwa, 23 tu. Watatu kati ya wale 26 walirudia kunywa.

Atasema mtu kuwa maini ya kupandikiza ni machache, na aliyejiharibia hawezi kulingana na aliyeharibikiwa. Hoja hii ina uzito. Lakini mizani ya tabibu hupima manufaa, haipimi makosa. Aliyevunjika mguu kwa mwendo wa kasi hufungwa mguu kwanza. Na kama wale watatu ni ushahidi wa udhaifu wa binadamu, waliosalia ni ushahidi wa uwezo wake.

Elimu ya kuona ndani ya mwili ni neema ikiwa onyo, ni jeuri ikiwa kifungo. Ugumu wa ini una kipimo. Nia ya mtu bado haijapatiwa chombo.